Sumaku Inayochelewa Kuachia

Jumatatu, 4 Novemba

Kla! Mlio mmoja tu, na umekaa sikioni tangu asubuhi. Ni breki ikiushika msumeno wa moteri katika karakana ya baba yangu, Papa. Mlio safi. Shida ni kwamba ulikuja wakati Salomon, fundi wake, ameshapeleka mkono kuokota kipande cha ubao.

Alikuwa amezima kwa kitufe. Alidhani umesimama. Mimi pia. Meno yalikula mkono wa shati, basi. Akautazama, akaniambia kama kwa dada mkubwa, "Yaya Bénie, breki yako iko na heshima mingi. Inangoja kwanza mutu amalize." Atelye nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

Breki ni yangu, nimeichora mwenyewe. Chemchemi ya chuma inabana msumeno. Bobini — waya wa shaba uliozungushwa — ikipata umeme inakuwa sumaku, inaivuta chemchemi, msumeno unazunguka. Ukikata umeme, sumaku inakufa, breki inabana. Lakini haifi! Inaaga kama wageni wa kwetu: wamesimama mlangoni, bado wanaongea.

Jumatano, 6 Novemba

Nimepata kosa. Ni diodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Tulifundishwa: kila bobini iwekee diodi, la sivyo transista inayokata umeme itaungua. Niliiweka bila kufikiri, kama mtu anavyofanya ishara ya msalaba kabla ya kula. Kumbe diodi inaupa umeme wa bobini njia ya kurudi mwanzo. Unazunguka humo mpaka uchoke. Muda wote huo sumaku ipo.

Basi nikaitoa. Nikajaribu bila meno ya msumeno. Breki ilibana papo hapo! Nilipiga kelele. Mara ya pili — kimya. Umeme umekosa njia, nguvu yake imepanda, imeivunja transista. Na transista iliyovunjika hivi haikati tena chochote. Unazima, breki inabaki imeachia. Vibaya kuliko mwanzo.

Nimebadilisha transista na kurudisha diodi. Salomon: "Donc leo imekosa hata ile heshima."

Ijumaa, 8 Novemba

Dawa ninayo. Diodi ibaki, lakini nyuma yake iwekwe rezistansi kubwa. Njia ipo, ila ni ya mlima. Umeme utachoka upesi. Ila kadiri unavyochoka upesi, ndivyo transista inavyobeba volti nyingi. Zinazouzwa hapa Butembo ni dhaifu. Kwa rezistansi ndogo breki inawahi kidogo. Kidogo hakitoshi vidole.

Nimempigia Jumaine wa Beni, anayetengeneza mashine za kuchomelea vyuma. Anazo, zinavumilia volti mia sita. "Lakini kuya mwenyewe, dada. Nikituma kwa mutu wa pikipiki, utapata chajeri ya telefone."

Nimemwambia Papa msumeno upumzike hadi nirudi. Akasema padri anakuja Jumapili kuubariki, na imeshatangazwa kwenye misa. Mbao za viti vipya vya parokia zimeshafika.

Jumapili, 10 Novemba

Msumeno umebarikiwa. Padri hakubania maji. Nilisimama na mwavuli juu ya kisanduku cha transista, watu wakadhani ni sehemu ya ibada. Papa akatangaza kwamba breki imetengenezwa na binti yake. Makofi. Mimi nilikuwa natazama mikono ya Salomon. Anapiga gitaa kwenye kwaya. Ni mikono mizuri, sina haja ya kujificha hapa.

Wageni walipoondoka nikamwambia Papa: bado haiko tayari.

"Padri amekwisha kubariki, weye unasema haiko tayari? Nimwambie nini — arudilie?"

Nikasema: Salomon.

"Salomon atasimamisha na kibao."

Kibao! Ndivyo misumeno yote ya mtaa wetu inavyosimamishwa: unazima, unasukuma kipande cha ubao kwenye meno mpaka yachoke. Papa ametumia njia hiyo maisha yake yote. Kidole chake cha shahada kinaishia katikati. Na hicho ndicho alichokuwa akinionyeshea msumeno.

Nikamfuata Salomon. Nikamwomba kesho, nikiwa Beni, augue. Akasema akikosa kazi kesho, watu watasema anaogopa mashine iliyobarikiwa. "Ni mbaya kuliko kuogopa ile haiyabarikiwa, Yaya." Alikuwa anacheka. Kisha hakucheka. "Mais, uende mbio."

Jumatatu, 11 Novemba

Beni, kwenye meza ya Jumaine. Amefungua mashine ya kuchomelea iliyokufa na anatoa transista zake moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Ameuliza kama nakaa muda mrefu, maana sac yangu ya nguo ni nzito. Nikasema sikai.

Papa amepiga simu. Kwanza kwa upole. Mara ya pili kwa jina langu lote la ubatizo. Salomon amesimama pale, wateja wamesimama pale, msumeno hauzunguki. Anauliza nani amegusa mukanda ya moteri.

Nikamwambia ni mimi. Niliutoa alfajiri, kabla hamjaamka. Niko nao hapa Beni, chini ya nguo zangu.

Nikasikia anafungua droo ya mikanda.

"Na ile ya rezervi?"

"Nayo niko nayo, Papa."