Tafsiri ya Cheti cha Faustine

Nyumbani kwa Bi Shifaa,
Mirdif, Dubai.
16 Februari 2025.

Mpendwa Mama Mdogo Edna,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Baba Mdogo naye mfikishie shikamoo yake kabla hajaanza kununa. Goti lako linaendeleaje? Na yule jogoo uliyesema unaninenepeshea, bado yupo au mmeshamla sikukuu? Mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri, nalala vizuri, misa siikosi. Nina hasira tu, lakini ni hasira yenye afya, wala hainikoseshi hamu ya chakula.

Barua hii anaileta Taib, yule mfanyabiashara wa Kariakoo anayekuja kununua mzigo soko la Naif huku Dubai. Ameahidi kuipakia kwenye basi la Ifakara kwa mkono wake mwenyewe. Ningeweza kukuandikia kwenye simu kama siku zote, ila Mama Faustine anataka karatasi yenye saini, na karatasi ataipata.

Masomo yanakwenda. Madam wangu ananiruhusu asubuhi nne kwa wiki, wakati watoto wako shule na mama yake mzee nimeshamwogesha, amekula na amelala. Napanda metro mpaka Deira, kisha natembea hadi Al Muraqqabat, kwenye chuo chetu kidogo cha lugha kilicho juu ya duka la mapazia. Tuko kumi na mmoja darasani. Wengi wanasoma Kiitaliano ili wapate kazi kwenye migahawa ya hoteli. Jirani yangu wa dawati ni Shem, Mkenya wa Kakamega, mlinzi huko Jebel Ali, anayekuja moja kwa moja kutoka zamu na sare yake, macho mekundu. Juzi aliniambia, “Dorah, wewe unasoma hii lugha ni kama kuna mtu alikukosea. Si upunguze presha?” Nikamwambia yupo, na presha sipunguzi.

Wiki iliyopita tulijifunza kusema mambo yajayo. Signora, mwalimu wetu, akataka kila mtu atunge sentensi. Shem akasema atakwenda Roma. Dada mmoja Mfilipino akasema atajenga nyumba. Mimi nikasema Mama Faustine ataona aibu mbele za watu. Signora akanipa alama zote, kisha akauliza Mama Faustine ni nani. Nikamjibu kwamba kipindi hakitatosha.

Wewe unamjua, na siku ile ulikuwepo. Lakini niache niiandike, maana nikiiandika napata nguvu. Miaka mitatu iliyopita posa ya Faustine ilifika kwetu, barua imefungwa kwenye kitambaa cheupe, Mama akaipokea kwa mikono miwili. Tukajibu ndiyo. Mimi nikaja huku kufanya kazi za ndani ili nichangie maandalizi, yeye akaenda Italia. Mama yake akasema ni chuo kikuu, nasi tukampongeza. Halafu zamu ya kusali jumuiya ikafika nyumbani kwetu. Rozari imekwisha, watu bado wamekaa mkekani wanasubiri chai ya Mama, Mama Faustine akasimama akadai ile barua ya posa irudishwe. Akasema mwanawe yuko chuo kikuu Ulaya, hawezi kuoa mtu wa kufulia Waarabu nguo za ndani na kuosha wazee wao makalio. Alisema hivyo hivyo, mbele ya mwenyekiti, na wengine wakacheka.

Mama akaingia chumbani, akaitoa barua sandukuni na kitambaa chake, akampa. Kisha akawamiminia watu chai. Tangu siku hiyo dada yako, aliyekuwa akiongoza nyimbo, hajakanyaga tena jumuiya. Rozari anasali peke yake. Mimi hayo nilisimuliwa na wewe kwa simu, nikiwa nimeshika beseni.

Ndiyo maana mwaka jana uliponiambia kwamba Mama Faustine ametundika cheti cha mwanawe sebuleni, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, chini kidogo ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kwamba kimeandikwa Kiitaliano na hakuna mtu hapo mtaani anayejua kinasema nini, siku hiyo hiyo nilianza kuulizia madarasa ya Kiitaliano. Kesho yake nikamwomba madam ruhusa ya kusoma. Alidhani nataka kazi ya hoteli.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa mwezi uliopita. Mama Mdogo, nilicheka mpaka yule bibi akaamka. Yaani Mama Faustine anapeleka posa kwa kina Pauline, yule mwalimu wa chekechea. Kwa kuwa kijana mwenyewe yuko mbali, anataka cheti kiambatanishwe na barua ya posa ili mshenga akisome mbele ya wazee na majirani walioalikwa. Na kwa kuwa amesikia Dorah anasoma Kiitaliano, basi Dorah atafsiri. Mimi! Yaliyopita tuyasahau, atanipa doti ya kitenge. Tena eti niweke saini, jina kamili na kazi ninayofanya, ili wakwe waone tafsiri imefanywa na mtu anayejulikana. Mwanamke huyu haniogopi hata chembe. Alidhani kukaa kwangu kimya miaka yote hii ni kusahau.

Picha uliyonitumia ina mwanga wa taa kwenye kioo, lakini nimesoma yote. Si shahada, Mama Mdogo. Hakuna chuo kikuu hapo. Ni cheti cha kuhudhuria mafunzo ya saa mia na ishirini ya kuhudumia wazee majumbani. Masomo yameorodheshwa moja baada ya jingine: kumwogesha mzee asiyeweza kusimama, kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumbadilisha nepi, kumlisha, kumfulia na kumpigia pasi. Hiyo ni kazi yangu! Ndiyo ninayoifanya kila asubuhi kabla ya kwenda darasani, ila mimi hakuna aliyenipa cheti cha kutundika.

Sikufichi, tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo. Niliandika kwamba Faustine amefukuzwa chuo na ana kesi mahakamani, nikaifurahia saa nzima. Madam akaiona pale mezani jikoni. Unajua yeye ni mtu wa Unguja kwa asili, Kiswahili chake kitamu, na hupenda nimwite Bi Shifaa.

“Haya ya mahakamani umeyatoa wapi, mwanangu?”

“Nimeongeza, Bi Shifaa.”

“Yachane. Andika kama kilivyo, usitie chumvi. Kisa ushanihadithia, na miye ningekasirika zaidi yako. Lakini uongo wa nini, na mwenzio keshakufanyia kazi yote? Khalas, kaandike upya.”

Nikaichana, nikaandika upya. Signora mwenyewe ameikagua mstari kwa mstari na hakukuta kosa.

Kumbe habari zilishamfikia Faustine. Alhamisi akanipigia nikiwa kwenye ngazi za chuo. Tangu posa irudishwe hajawahi kunitafuta, hata kwa pole. Akasema mama yake alimuuliza kama amehitimu, akajibu ndiyo, akatuma picha. Mengine yote mama aliyajaza mwenyewe. “Dorah, nakuomba,” akasema, “waambie tu Kiitaliano bado hujakijua vizuri.” Akaniambia yule mzee anayemhudumia ni mpole, humwita mwanangu, na kazi ameizoea. Nilimwonea huruma kama dakika mbili hivi, kwa sababu najua mgongo unavyouma ukishamgeuza mtu mzima. Nikamwambia kazi haina ubaya wowote. Kisha nikamuuliza:

“Siku mama yako alipokwenda kudai posa kwetu, alikuambia?”

“Aliniambia.”

“Ukasema nini?”

“Sikusema kitu.”

“Basi na safari hii usiseme kitu.”

Nikamuaga kwa Kiitaliano, polepole, asikie kila neno lilivyonikaa mdomoni. Shem alikuwa nyuma yangu, akapiga makofi bila hata kujua kisa.

Pauline sina ugomvi naye. Ana haki ya kujua anaolewa na nani, na akimkubali Faustine na kazi yake kama ilivyo, nitampigia vigelegele kutoka huku huku.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ya kaki yenye tafsiri, nimeifunga kwa gundi. Hiyo ni ya mshenga, usiifungue. Najua moyo wako, Mama Mdogo. Utataka kumwita Mama Faustine pembeni umwonye, myamalize kimya kimya. Nakusihi usifanye hivyo. Mama hakufedheheshwa kimya kimya.

Posa inapelekwa Jumamosi, tarehe mosi Machi. Nenda na Mama. Mvalishe kile kitenge cha bluu nilichomtumia Krismasi, mkae mbele. Sihitaji aseme neno, nataka asikie tu. Mshenga akisitasita, mkumbushe kwamba Mama Faustine mwenyewe ndiye aliyeagiza isomwe yote, mpaka saini. Na ile doti niliyoahidiwa, mwambie Mama Faustine abaki nayo, atafunikia ukuta fremu ikishatoka.

Baba Mdogo msalimie tena, na Mwanamkasi jirani yetu, ambaye najua siku ile hakucheka. Mama usimwambie kilichoandikwa, mwambie tu mwanae anamsalimu na Jumapili ya tarehe mbili Machi aende jumuiya. Mungu akutunze, akuponye goti, akujalie usingizi usiokatika. Mimi nami nitakwenda kuungama, ila baada ya tarehe mosi.

Wako akupendaye daima,

Dorah

Nimekunakilia hapa mwisho wa tafsiri, ili siku hiyo uwe umeshaandaa uso:

“Mhusika amehudhuria saa 97 kati ya 120. Cheti hiki ni cha mahudhurio tu. Si shahada, wala hakimpi mhusika daraja lolote la elimu.

Imetafsiriwa neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, kwa ombi la mama wa mhusika.

Jina kamili: Dorah Venance Ligomba.

Kazi: kufulia Waarabu nguo za ndani na kuosha wazee wao makalio.”