Chaki Upande wa Ndani

Bweni la Wauguzi
11 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Mama anasema siku hizi hata honi ya lori huisikii mpaka upigwe bega, ndiyo maana sipigi simu, naandika. Dereva wa lori la dawa ameniahidi kukupa barua hii mkononi, maana lori lake haliwezi kupita gerejini kwako bila kutengenezwa kitu. Mimi mzima, ila miguu inavimba kidogo baada ya zamu.

Nimejaza tena fomu za chuo cha udaktari. Nilikwenda ofisi ya udahili kuuliza niongeze nini safari hii. Karani akafungua faili langu na kuniambia, bila kuinua macho, kwamba niliangushwa na mambo mawili: alama ya Kemia na usaili. Kemia nimeanza kuisoma upya, jioni mbili kwa wiki, na mtihani ni mwezi wa sita. "Ujue hii ni mara yako ya pili," akasema. "Muuguzi huomba mara mbili. Ya tatu hakuna."

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana uliponiuliza usaili ulikuwaje, nilisema wamenionea. Hawakunionea. Profesa mmoja, mama mwenye miwani ya kamba, aliniuliza: "Uko peke yako zahanati. Analetwa mgonjwa, anapumua kwa shida. Unafanya nini?" Baba, nina miaka sita wodini. Nilijibu palepale, kifua mbele: "Ningempa oksijeni, ningempima presha, halafu ningemwita daktari."

Wote watatu wakatazamana. Kisha yule mama akasema taratibu, "Lakini binti, daktari ni wewe."

Tangu siku ile naamka na maneno hayo. Kemia naweza kukaa chini nikaisoma. Hili sijui linasomewa wapi. Naona, napima, naandika, naita. Pale pa kuamua pana ukuta, na nadhani nimeujenga mwenyewe.

Nisalimie Mama. Mwambie sijakonda.

Binti yako


27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Huku tuko wazima. Mgongo wa mama yako umetulia, mdomo wake bado. Anasema kama kweli hujakonda, tuma picha. Barua imefika ikinuka spiriti, na lori limefika na klachi iliyokufa, kwa hiyo nimepata vyote viwili vya kushughulikia.

Nimefurahi umeniambia ukweli. Muda wote huu nimewachukia wale maprofesa bure, na nilikuwa nimeshaanza kuzoea.

Mimi udaktari siujui. Lakini unaikumbuka chaki? Si ulikuwa unaniibia ukachoree sakafuni? Gari likiletwa sikimbilii boneti. Nasikiliza, nanusa, namuuliza mwenyewe lilianza lini. Halafu naandika kwa chaki, ubavuni mwa gari, ugonjwa ninaoudhani. Ndipo nafungua. Nikikosea sifuti. Napiga mstari juu yake na kuandika dhana nyingine chini. Wateja wananicheka: "Fundi, hapa umeandika pampu, kumbe waya!" Wacheke. Hakuna kufuta mpaka gari litoke getini kwa magurudumu yake.

Nilianza hivyo kwa sababu nilikuwa kama wewe. Miaka mitano kazi yangu ilikuwa kumpa bosi spana. Hata kabla hajanyoosha mkono nilishajua anataka ipi. Siku alipougua, likaja gari, nikakuta najua spana zote na gari silijui. Nilikuwa sijawahi kudhani kitu kwa kichwa changu na kukiona kikikosea mbele ya macho yangu.

Basi nunua daftari. Kabla daktari hajasema, sema wewe, kwa kalamu. Na usifute.

Mama yako anasema ule.

Baba yako


19 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini klachi ya dereva ni nzima kuliko mimi. Mwili hauna neno, kichwa ndicho kimechoka.

Nilinunua daftari dogo la kukaa mfukoni. Lina safu mbili, ya dhana yangu na ya jibu la daktari. Majina ya wagonjwa siandiki, naandika namba ya kitanda na tarehe. Wiki ya kwanza nilidhani mara kumi na nne, nikakosea mara tisa. Tisa, Baba! Na mimi ndiye ninayewaambia wenzangu kila siku, "Nilijua tu." Sasa nimeona nilivyokuwa nikifanya miaka yote sita: nasubiri kuambiwa, naambiwa, halafu najiambia nilijua.

Nilianza kuzoea. Kisha akaja kitanda cha tisa, muuza viatu mmoja mcheshi sana. Alilalamika kwamba kifua kinamuunguza tangu ale chakula cha mchana, na huku analalamika anatuchekesha wodi nzima. Niliandika kiungulia. Daktari alipompima ikaonekana ni moyo, na si kidogo, wakamkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi.

Kama ningekuwa peke yangu zahanati, ningempa vidonge vya kutafuna na kumwambia aende nyumbani. Ningemtania pia mlangoni.

Siku tisa sasa sijafungua daftari. Nawaza labda ule ukuta uliwekwa pale kwa sababu.

Binti yako


3 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kwanza, yule muuza viatu amepona? Umeniandikia ukurasa mzima juu yako na yeye ukamsahau kitandani.

Pili, umekosea daftarini, na daftari ndiyo kazi yake. Ungekosea wapi kwingine, kwenye kifua cha mtu?

Tatu, umeniambia umekosea, hukuniambia kwa nini. Nini kilikudanganya? Mimi gari likinidanganya huwa natafuta ni sauti ipi iliyonivuta upande usio wake, na hiyo pia naiandika. Ongeza safu ya tatu. Mama yako anasema uongeze na chakula.

Baba yako


30 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kimya cha karibu miezi mitatu. Afya njema. Muuza viatu amepona, na ameniletea kandambili. Zinanibana na nazivaa hivyohivyo.

Kwenye safu ya tatu, mbele ya kitanda chake, nimeandika: Alikuwa anacheka. Nilidhani anayecheka hawezi kuwa anakufa.

Habari ya kwanza: Kemia nimepata alama ya juu kabisa. Nilipompelekea karani cheti, aliinua macho.

Habari ya pili ndiyo iliyonikatisha kuandika. Daftari lilikamatwa. Unamkumbuka Sista, mkuu wa wodi yetu, anayetembea kama amekabidhiwa funguo za dunia? Alilikuta juu ya kitoroli cha dawa.

"Hiki ni nini? Unawaandikia madaktari makosa yao?"

"Hapana, Sista. Makosa ni yangu."

"Yote haya?"

"Yote."

Akalitia kwenye droo yake na kufunga. Siku kumi na moja sikuliona tena. Nilijua limeshafika kwa wakubwa, na kwamba fomu yangu ya chuo itafuata njia hiyohiyo. Siku ya kumi na mbili, tukikabidhiana zamu, akaniwekea daftari mkononi. Alikuwa ameongeza safu ya nne, kwa penseli. Kila kitanda alichokikumbuka ameandika dhana yake.

"Nilifunika jibu la daktari kwa karatasi," akasema. "Sikuchungulia."

Nikahesabu palepale. "Sista, umenizidi mara kumi na saba."

"Nina miaka thelathini humu. Ulitaka unizidi wewe, mtoto wa juzi?" Kisha akawa anafunga kifungo cha sare ambacho kilikuwa kimeshafungwa. "Hakuna aliyewahi kuniuliza nadhani nini. Ukiwa daktari, usije ukanipita kama kabati."

Wiki moja baadaye tulikuwa na mzee kitanda cha nne, siku ya pili tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Mtu mpole tuliyempokea, sasa anatutukana, anavuta mashuka, anatuita wezi. Daktari kijana wa zamu akasema, "Uzee huo. Mpe sindano ya kumtuliza." Mimi nilikuwa nimeshaandika: kibofu kimejaa. Sista aliutazama tu mfuko wangu wa sare, kama mtu anayetazama saa.

"Daktari," nikasema, "kabla ya sindano, naomba ubonyeze hapa, chini ya kitovu."

Alibonyeza. Mzee alipiga kelele iliyosikika mpaka jikoni. Tukamwekea mpira wa mkojo, ikatoka lita moja na robo. Akatulia, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Samahani binti, suruali yangu ameivua nani?"

Daktari alinifuata kwenye meza ya dawa. "Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilidhani, nikaogopa kunyamaza."

Usaili ni mwezi wa kumi. Barua hupotea sana hapa bwenini, kwa hiyo nimetoa anwani ya nyumbani. Majibu yatakuja kwako.

Binti yako


12 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mama yako akaja kuangalia kama nimeangukiwa na jeki. Kumbe mzee akizibwa bomba anatukana watu! Nimemwomba mama yako anisamehe ya miaka yote. Amesema mimi bomba langu halijawahi kuziba, nina kisingizio gani.

Msalimie Sista. Mwambie gereji hii ina nafasi ya mtu anayejua kudhani hivyo.

Majibu yakifika sitafungua. Hilo boneti ni lako.

Baba yako


14 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Usaili umekwisha jana, na leo nimelala mpaka jua likanikuta.

Walikuwa watatu, na yule mama wa miwani ya kamba alikaa katikati. Hakuonyesha kama ananikumbuka. Akauliza: "Uko peke yako zahanati. Mwanamke wa miaka arobaini, anapumua kwa shida, mguu mmoja umevimba. Unafanya nini?"

Baba, nililisikia lile jibu la zamani linapanda kooni. Ningemwita. Nikalimeza. Nikasema ningempa oksijeni, na huku nampa ningekuwa nadhani damu imeganda mguuni na kipande kimekwenda kwenye mapafu. Nikataja kilichonifanya nidhani hivyo, na ningeanza naye vipi kabla ya kumsafirisha.

"Na kama umekosea?"

"Kuna vitu viwili vitakavyonionyesha nimekosea, na ningevitafuta tangu mwanzo." Nikavitaja. Kisha, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikasema, "Huwa nakosea sana, Profesa. Naandika." Nikaweka daftari mezani.

Akalifungua. Wenzake wakainama kusoma.

"Dhana mia mbili na sita," akasema. "Umekosea themanini na nane. Na umekuja kutuambia sisi?"

"Ndiyo. Na kila moja najua kilichonidanganya."

Akageuza kurasa. Akasimama kwenye kitanda cha tisa. Niliona midomo yake ikisoma: Alikuwa anacheka. Akaweka kidole kwenye safu ya nne. "Hii penseli ni ya nani?"

"Ya sista wa wodi yetu. Yeye amekosea mara chache kuliko mimi."

"Basi tumekosea mtu wa kumwita," akasema, na wote wakacheka, mimi pia. Nilipofika mlangoni akaniita. Akavua miwani ikaning'inia kifuani. "Mwaka jana ulijibu haraka zaidi," akasema.

Sijui ni sifa au ni lawama. Nimeligeuza neno hilo kichwani njia nzima ya kurudi. Safari hii dhana sina, Baba. Nina utulivu tu, na sijui umetoka wapi.

Binti yako


2 Desemba

Binti yangu,

Marahaba. Huku hatujambo wote. Bahasha imefika jana, ina muhuri wa chuo. Ninaituma na dereva, amevaa koti lenye zipu ili isidondoke. Mama yako ameishika juu ya taa, ameinusa, ameipima uzito kwa kulinganisha na bili ya maji. Haijafunguliwa.

Utaniuliza nimeandika dhana gani. Sikuandika mpya. Mwaka jana ulipokwenda kwenye usaili, niliandika kwa chaki kwenye mlango wa gereji, upande wa ndani: ATAINGIA. Yalipokuja majibu yale, nilichukua kitambaa, nikasimama pale, nikakiweka chini. Hata mstari sikupiga. Gari lilikuwa halijatoka getini, ningefutaje? Neno lipo mpaka leo. Sikukwambia, nikiogopa lingekulemea.

Mwezi uliopita mama yako aliamua kupaka mlango ule rangi ya kijani, nje na ndani. Niliporudi kutoka dukani nilikuta mlango mzima umekuwa kijani isipokuwa kipande kimoja, upana wa mikono miwili. Amelizunguka lile neno kwa brashi bila kuligusa. Nilimuuliza mbona kumebaki kiraka. Akanijibu, "Kwani mimi sijui sheria za gereji hii?"

Dereva ananipigia honi. Safari hii nimeisikia.

Baba yako


4 Desemba, saa nne asubuhi

Baba,

Shikamoo. Naandika haraka nimesimama. Dereva yuko hapo nje na injini inanguruma, anasema hazimi kwa sababu hana hakika kama lori litawaka tena. Sista yuko nyuma yangu anajifanya kuhesabu mashuka. Dhana yake ameshaiandika kwa kalamu kiganjani na amefumba mkono.

Nimefungua.

Mwambie Mama achukue brashi amalizie mlango. Gari limetoka getini.

Binti yako