Nani Atayasikiliza Matairi?

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Nimehukumiwa leo na mahakama ya mtu mmoja. Kulthum, mke wangu kwa miaka ishirini na sita, alisimama mlangoni pa kombi na upawa mkononi akatamka: Mwanasiti haletwi nyumbani kwa gari hili mpaka kipatikane kitu cha kutuambia hali ya matairi. Si wewe, akasema. Kitu.

Chanzo ni Jumamosi. Tulikuwa tukirudi kutoka Mazeras, nami nikijibizana na redio — bwana mmoja mkubwa alikuwa akidai uchumi umetulia! — na tairi la nyuma kushoto likawa linalainika, linalainika, mpaka likapasuka. Hakuumia mtu. Lakini kombi hii ni ya kulala. Ina kitanda, kabati, karo ya kuoshea vyombo, jiko la gesi la macho mawili. Na jikoni palikuwa na sufuria ya mchuzi wa papa, uliokwisha poa, alhamdulillahi. Wote ulimwagikia Kulthum.

Anasema ningelisikia tairi lile kama ningefunga mdomo. Uzushi!

Kombi nimeachiwa na Mjerumani wa Diani. Nilimwandikia barua kumi na moja serikalini ili asinyimwe kibali cha kukaa. Baada ya ile ya kumi na moja alipewa siku mbili aondoke. Akanikabidhi ufunguo bila kusema neno. Mpaka leo sijui ilikuwa shukrani au kisasi.

Sasa basi. Mwanasiti, binti yetu wa pekee, yuko Voi kwa mumewe Badi, mimba ya kwanza, miezi saba na nusu. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, na mama hulelewa hapo arobaini yake yote. Daktari amesema asiketi kwenye basi, asafiri amelala. Kitanda chenye magurudumu ninacho mimi peke yangu hapa Bofu, Likoni. Na mkwe, Bi Barke, mamake Badi, ameleta barua: asipochukuliwa kufikia tarehe ishirini, atazalia Voi, na arobaini ataisimamia yeye.

Kulthum ameisoma mara tatu. Kisha akalala akielekea ukutani.

Jumatano, 4 Agosti

Dukani kwa Faki, muuza spea. Faki ananichukia tangu nilipoandika kwamba wauza spea ni wakoloni wenye kanzu. Leo kanipokea kwa chai! Nikajua ana kitu cha kuuza.

Akatoa kofia nne za valvu zenye vioo vidogo juu. Waifunga kofia kwenye valvu, asema, nayo yakwambia: kijani, upepo umejaa. Manjano, unapungua. Nyekundu, shuka.

Nikamuuliza: na ni nani aliyeamua kujaa ni kiasi gani? Akanitazama. "Kiwanda." Kiwanda kipi? Kiko wapi? Kimewahi kuliona gari langu? Nikamweleza kwamba nchi hii imejaa vioo vya kijani. Tunaambiwa kila asubuhi kuwa hali ni shwari na mtu asiyejua uzito wa mizigo yetu.

"Mwalimu," Faki akasema, "hizi ni kofia za tairi."

Ndivyo wanavyosema siku zote.

Alhamisi, 5 Agosti

Changamwe, kwenye malori. Hapo yuko Mwarandu, fundi wa matairi, mtu mfupi mwenye mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Hana kofia wala kioo. Ana rungu la mti wa mkanju. Hulipita lori akigonga tairi moja moja, kisha husema: hili, na lile la ndani. Nimeona kwa macho yangu madereva wa kwenda Kampala wakimngoja kama wanaongoja daktari.

Nikamwomba anieleze kanuni yake. Akasema hana kanuni. Nikamwambia haiwezekani, kila ujuzi una kanuni, hata asipoijua mwenye ujuzi mwenyewe. Akagonga tairi. "Hili limeshiba." Akagonga jingine. "Hili lina njaa." Mimi nikasikia du na du.

Pia nimejipatia geji ya kupimia upepo, ile ya kuchomeka kwenye valvu, yenye namba. Namba hazina chama.

Ijumaa, 6 Agosti

Baada ya sala nilikusudia kusema maneno mawili tu barazani. Nimesema saa nzima. Faki akajibu. Sasa Bofu imegawanyika! Upande mmoja watu wa kofia, na Faki ndiye imamu wao. Upande wa pili watu wa rungu. Watu wa geji ni mimi.

Nikaeleza tofauti ya kuambiwa na kupima. Nikagusa zama za Wareno. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono akauliza kama gari ni la wakfu. Nikamwambia la, ni langu. "Basi mbona twaulizwa sisi?" Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Jumapili, 8 Agosti

Nimeandika barua kwa gazeti. Kurasa saba. Kichwa: "Upepo na Ukweli". Sijawahi kuandika vizuri hivi tangu ile ya bei ya sukari.

Kulthum akaja kuchukua kikombe, akasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama. Akasema kurasa saba, matairi manne, mtoto mmoja, siku kumi na mbili. Akaondoka na kikombe. Chai ilikuwa bado imo.

Jumatano, 11 Agosti

Wameichapa! Mistari miwili. Chini ya utabiri wa hali ya hewa: "Mwalimu mstaafu wa Likoni alalamikia upepo."

Faki ameikata, ameibandika dukani.

Alhamisi, 12 Agosti

Badi amepiga simu kwa Faki, maana ndiye mwenye simu, na Faki akatuma kuniita. Nimeongea na mkwe wangu mbele ya kipande kile cha gazeti. Miguu ya Mwanasiti imevimba. Bi Barke ameshatandika chumba. Ameshanunua na ubani. Badi akanong'ona: Baba, yeye mwenyewe ataka kuja kwenu, analia, ila mamangu ashaanza kuwaambia watu kuwa hamtaki gharama ya mzazi na arobaini yake.

Eti hatutaki!

Nimemwambia Kulthum yote isipokuwa hilo la mwisho. Akaniuliza: na la mwisho alisema nini? Huyu mwanamke.

Jumamosi, 14 Agosti

Siku ya mtihani. Kulthum kaamua hivyo. Alfajiri ametoka na pini ya mtandio wake, akatoa upepo kidogo, akalegeza tairi moja, hakumwambia mtu lipi. Kisha akawaita Faki na kofia zake, Mwarandu na rungu lake, na mimi. Majirani wakajiita wenyewe.

Faki alianza. Akafunga kofia nne. Kijani, kijani, kijani, kijani. Kama ripoti ya wilaya! Kulthum akatikisa kichwa. Faki akatoa miwani, akasoma karatasi iliyokuja nazo, akakiri kwa sauti ndogo kwamba kofia hizi zimetengenezewa teksi. Tairi la teksi likishiba, la kombi yenye karo na kitanda bado linaomba. Nikasema, "Nilisema au sikusema?" Nikaanza kukumbusha nilichosema. Kulthum akasema, "Zamu yako."

Nikachomeka geji. Ishirini na nane. Kila unapochomeka hutoka ka-fss kadogo, hivyo nikarudia ili nihakikishe. Ishirini na saba. Haiwezekani tairi moja liwe na kweli mbili! Nikarudia. Ishirini na sita. Nikarudia, na huku Faki akicheka, nikarudia kwa ajili ya Faki. Mara tisa. Nikatangaza: ni hili hapa, la mbele kulia.

Kulthum akamgeukia Mwarandu. Akamwonyesha gari kwa kidole.

Mwarandu akalizunguka gari. Du. Du. Du. Du. Akarudi.

"Yako mawili."

"Nimelegeza moja," Kulthum akasema.

"Mama, mawili. La nyuma kulia umelilegeza wewe, kwa kitu chembamba. La mbele kulia limelegezwa na Mwalimu, sasa hivi."

Sitayaandika yaliyofuata. Vicheko vimefika mpaka kwa muuza mbata.

Kulthum akamuuliza Mwarandu: rungu hilo unaliuza? Hauzi. Na akilipata mtu mwingine, lasema? Halisemi. Kulthum akafikiri. Kisha akatoa uamuzi ambao sijausoma katika kitabu chochote: chombo ni Mwarandu. Anakwenda nasi Voi, na kurudi.

Mwarandu amekubali. Hataki ila jambo moja. Anapogonga, Mwalimu anyamaze. Hasikii upepo juu ya maneno.

Nikasema hilo ni suala la msingi, kwamba mtu hawezi kunyamazishwa katika gari lake mwenyewe, na kwamba —

"Umeona?" Mwarandu akamwambia Kulthum.

Jumanne, 17 Agosti

Naandika nikiwa nyuma ya usukani, Mariakani. Mwarandu anagonga. Hiki ni kituo cha tatu. Tulishuka feri, akagonga. Changamwe mbele ya wenzake wote, akagonga polepole, kwa maringo. Kulthum amelirefusha sharti. Sasa ni kimya tangu nazima injini mpaka Mwarandu apande tena, "na ukiona raha, endelea hata tukienda".

Kalamu haijakatazwa.

Samburu. Anagonga. Nje pana bango la kampeni ya mwaka jana, ahadi tatu, zote uongo. Nina hoja nane juu yake. Zimekaa kifuani kama gesi.

Mackinnon Road. Akagonga, akasikiliza, akaomba pampu, akatia upepo kidogo nyuma. Sikuona tofauti. Ila gari limeacha kuvuta kushoto. Sisemi kitu. Siruhusiwi.

Voi, alasiri. Bi Barke alitoka barazani akatuzunguka kama afisa wa forodha. Akamsalimu Kulthum, akauliza: huyu mwenye rungu ni nani?

"Chombo cha matairi."

"Na huyu?"

"Dereva," mke wangu akasema.

Kisha wakakaa wawili kwenye mkeka, kahawa katikati, wakaongea kwa upole wa kutisha. Bi Barke: chumba kiko tayari, dada, na mwana mwenyewe hali yake waiona, barabara ni mbovu. Kulthum: nimekuja na kitanda, dada, na shuka nimezifukiza. Bi Barke akanywa. Akasema sawa. Mchukue. Ila mkimrudisha hapa kabla hajazaa, hata kama ni kwa saa moja, hatoki tena, na watu wote watajua kuwa niliwaambia.

Kulthum akasema inshallah haitakuwa hivyo. Vidole vyake vilikuwa vinazungusha kikombe kitupu.

Mwanasiti alinikumbatia, akaninong'oneza: Baba, mbona leo huongei, waumwa?

Jumatano, 18 Agosti

Maungu, asubuhi. Mwanasiti amelala nyuma, mito mitatu, mamake kichwani pake. Naendesha kama niliyebeba mayai ya watu. Mwarandu anagonga. Yote yameshiba.

Mackinnon Road. Yameshiba. Mwanasiti anacheka, anamwita Mwarandu "Daktari". Amemwomba agonge hata tumbo lake! Mwarandu akaona haya, akasema hilo limeshiba, lasikika toka mbali. Hata Kulthum kacheka. Sijamsikia akicheka tangu barua ile.

Nimewaza jambo. Miaka ishirini na sita, nadhani huyu mwanamke amekuwa akigonga, nami sikuacha nafasi ya kusikia. Nitalifuta hili baadaye.

Taru. Jua kali. Mwarandu kagonga mbele, mbele. Kagonga nyuma kulia. Kagonga nyuma kushoto — akasimama. Akapiga magoti. Akagonga tena, taratibu, akainua mkono wa kushoto hewani. Lori moja likapita, akangoja lipotee kabisa. Nami nilikuwa kimya kama kaburi, wallahi.

Akaja dirishani kwangu. Nyuma kushoto, asema. Linavuja kwenye valvu. Likitiwa upepo litafika Samburu, labda. Mariakani hapana. Kuweka spea ni dakika ishirini, lakini jeki italiinamisha gari zima upande.

Kisha akasema: na si hilo tu, Mwalimu. Nilipotega sikio nimemsikia binti. Anahema kwa hesabu. Anahema, anangoja, anahema. Toka Buchuma, kabla ya Mackinnon Road, nadhani. Nilidhani ni karo inadondosha maji.

Nikageuka. Kulthum alikuwa ameshaweka mkono tumboni. Ameinua uso. Uso huo siujui.

Mwanasiti akasema si kitu, ni usingizi tu. Kisha akashika ukingo wa kabati, na kabati likalia.

Kulthum: mwanangu haondoki kitandani, na jeki haitiwi chini ya gari naye yumo. Mwarandu: basi ni kwenda na tairi hili, na ni kuamua sasa, maana kila dakika lapungua. Mbele kwetu au nyuma Voi, njia ni karibu sawa. Kwa vyovyote tairi litabadilishwa njiani, halifiki mwisho wa njia yoyote kati ya hizo. Nyuma kuna hospitali tunayoijua. Nyuma kuna Bi Barke. Mwanasiti anasema Voi hapana, Baba, usinirudishe. Kulthum, aliyekuja njia nzima kwa ajili ya kumleta nyumbani, hasemi mbele, hasemi nyuma.

"Sema wewe," akaniambia. "Wewe ndiye babake. Sema."

Wote watatu wamenigeukia. Wananisubiri. Hili halijapata kutokea, barazani wala nyumbani. Nimefungua mdomo. Mna ulimi tu.

Nimewaambia kwa mkono: kidogo. Naandika hili huku mguu uko kwenye klachi. Injini inawaka. Mwarandu ameshaunga pampu, anatia upepo bila kuniuliza, anahesabu mapigo ya pampu. Nyuma yangu mwanangu naye anahesabu uchungu wake, kwa sauti sasa, na mamake anahesabu naye, na kati ya hesabu hizi mbili ya Mwanasiti inakimbia zaidi — kumi na moja, kumi na mbili — nimeingiza gia, sijashika upande wa Voi wala wa nyumbani