Kwa Nini Nilizima Runinga

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Huku Lizaboni tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na babu yako mguu umepoa, ameshaanza tena kugombana na kuku wangu.

Umeniuliza kwa nini siku ile ya Pasaka nilizima runinga wakati mnacheka, kwenye kile kipindi cha washindani kumwagiwa popo kichwani. Ulidhani nawaogopa. Hapana. Mshindani alijiandikisha mwenyewe, lakini popo nani alimuuliza?

Nilipokuwa msichana kule Namtumbo, tulikuwa tunatungika tumbaku kwenye bani la kukaushia, popo akaanguka chini katikati yetu. Tukapiga kelele, dada yangu akachukua fagio. Mama akatunyamazisha, akainama kumtazama. Popo alikuwa anatambaa kwa mabawa, ameshindwa kuruka kutoka chini, na kifuani amebeba mtoto anayenyonya. Mama akamsogezea ufito wa kutungikia tumbaku. Akaushika. Mama akamwinua taratibu mpaka kwenye boriti, kisha akarudi kwenye tumbaku yake.

Kwa hiyo popo wale walipoanguka jukwaani wakaanza kutambaa, ninyi mlikuwa mnamtazama mshindani anavyorukaruka. Mimi nilikuwa nawatazama popo vifuani.

Mmoja alikuwa na mtoto. Ndipo nikazima.

Bibi yako,
Yustina