Nyumba Mbili Zinaposwa

Machi 3

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Magoti je? Sisi wazima, mkweo anakusalimu.

Mama, nyumba tumeiona! Ua mpana, na chumba chako kinapata jua la asubuhi. Ila huku nyumba zinagombaniwa. Tangu benki zishushe riba, kila mtu kawa mnunuzi. Ikitangazwa asubuhi, jioni imeshakwenda. Uza hiyo yako upesi tuunganishe nguvu, kabla bei hazijatukimbia.

Kitinda mimba wako

Machi 11

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Magoti yananung'unika lakini yananibeba.

Huku nako usiseme! Redio inasema ni nchi nzima. Dalali kabandika tangazo, kufumba na kufumbua wamejaa watu kama kwenye posa. Wa kwanza nimemkataa, anataka kuvunja jiko ajenge maduka. Wa pili ana pesa kuliko wote, lakini alipita chumba hadi chumba akipima kuta, hata salamu hakunipa. Nimemkataa pia. Dalali anashika kichwa. Acha ashike, ni chake.

Mama yako

Machi 16

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana mimi presha imepanda! Hiyo ni nyumba, si binti wa kuozwa! Maghorofa mapya yanayojengwa huko yakikamilika, bei zitashuka, utamuuzia nani?

Na huku muuzaji wetu, mzee aliyefiwa na mkewe, ni wewe mtupu. Wanunuzi wenzetu wamemwahidi pesa zaidi, na bado anasema anafikiria. Nyumba inatuponyoka, Mama. Jana nimelia.

Mwanao

Machi 20

Mwanangu,

Marahaba, pole. Futa machozi.

Najua ulimuuliza bei, hati na maji. Ulimuuliza mkewe alipenda kukaa wapi? Rudi kesho bila dalali. Uliza, kisha unyamaze.

Mama

Machi 24

Mama yangu!

Shikamoo mara mia! Tumeipata!

Nilimuuliza. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kibaraza cha nyuma. Kuna kiti cha mbao. Mkewe alikuwa akichambua mboga hapo huku akimtania. Alisimulia mpaka chai ikapoa, kisha akampigia dalali simu mbele yangu: "Nyumba imepata mwenyewe." Kwa bei yetu ileile!

Sasa imebaki sehemu yako. Nakusihi, atakayekuja usimfukuze.

Kitinda mimba, nacheka peke yangu

Machi 29

Mwanangu,

Marahaba, na hongera! Nami nimeuza!

Jana kaja mwalimu mmoja, tumbo liko mbele, na mumewe. Hawakutaja bei ya juu kabisa, lakini inatosha kumalizia ya kwenu. Yule binti alisimama kwenye dirisha lenye cherehani yangu, akasema, "Mama, hapa ndipo unapokaa, eh?" Nimesaini. Nililia, sikufichi, halafu nikacheka mpaka dalali naye akacheka.

Nimeanza kufunga vyombo. Mwambie huyo mzee asiache kiti cha mkewe, akichukue. Nyinyi nisafishieni kibaraza tu. Mimi nakuja na changu.

Mama yako