Nobu Iliyoteleza Katika Ukumbi wa Nyota

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa Alhamisi, tarehe 16, saa tatu na nusu asubuhi, kituo cha polisi, chumba namba 3
Shahidi: maarufu kwa jina la Gundi
Umri: miaka 44
Kazi: fundi viatu
Makazi: chumba cha uani, nyumba ya marehemu kaka yake, mtaa wa nyuma ya ukumbi wa nyota

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa.

Kibanda changu kinatazamana na lango la ukumbi wa nyota. Ukumbi huo ni jumba la mviringo, dari yake kama bakuli lililofunikwa. Watu wanakaa, taa zinazimwa, mitambo inarusha picha za nyota darini, na saa nne ya asubuhi mtu anadhani usiku umemkuta njiani. Anayeendesha mitambo na kusimulia ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Wanafunzi wanamwita Bibi Giza, kwa sababu kabla ya kuzima taa huwaambia: "Sasa giza linakuja. Mimi nalifahamu, halina neno. Asilie mtu."

Zamani mtambo wake ulikuwa na nobu za kuzungusha, kama za redio. Miaka miwili iliyopita uliondolewa, ikaletwa meza ya kioo. Meza hiyo haina kitufe hata kimoja. Ni kioo kitupu, kipana kama mlango, unakigusa kwa kidole kama simu. Unaweza kuilaza kama meza ya chakula au kuiinamisha kama ubao wa mchoraji.

Mwezi wa tatu tangu meza ije, shemeji alikuja kibandani na kiatu kisicho na kasoro. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Nilikigeuza kiatu huku na huku, nikamwambia, "Shemeji, hiki kizima."

Akasema, "Najua. Mbovu ni mimi."

Ndipo aliponieleza kwamba macho yake yanafunga. Alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Nobu za zamani vidole vyake vilizijua. Kioo hakina pa kushika. Alisema ni kama kupapasa uso wa maji. Meneja alikuwa hajui, naye hakutaka ajue. Nilimwambia kazi ya fundi ni kutengeneza, kutangaza ni kazi ya wengine.

Nilimtengenezea nobu tatu kwa visigino vya mbao vya viatu vya kike. Nilivikata, nikavipiga msasa, na kila kimoja nikakizungushia utepe mwembamba wa shaba unaoshuka hadi chini, ili akishika nobu, kioo kidhani kimeguswa na kidole. Moja niliiacha laini, ya mwanga. Moja niliichonga mifereji, ya sauti. Kubwa niliivika ngozi. Hiyo ndiyo ya kuzungusha anga.

Meza ikilazwa, nobu zilitulia kama kuku anayeatamia. Lakini shemeji hawezi kufanya kazi meza ikiwa imelala. Lazima aiinamishe, kioo kimfuate usoni, la sivyo ashinde amejikunja na mgongo umuue. Na meza ikiinama, nobu zinateleza. Si kwa kasi. Zinateremka taratibu kama konokono, huzioni zikienda, unaona tu zimefika. Nilijaribu nta. Nilijaribu gundi ya viatu, ikaacha alama ambayo shemeji aliikwangua kwa kucha saa nzima ya chakula. Nilijaribu sumaku, nyota zikawa zinarukaruka. Mtu kuitwa Gundi halafu akashindwa na kioo, ni fedheha. Mwisho niliweka vikombe vya mpira vya kunyonya, vile vya kubandikia kisahani cha sabuni ukutani. Vilishika. Nilivipima kwa saa yangu mara nyingi: vinashika dakika hamsini, kisha vinaanza kuachia. Onyesho ni dakika thelathini na tano.

Hata hivyo sikuviamini. Tangu siku ile, kila asubuhi yenye onyesho nilifunga kibanda nikaenda kukaa kando yake kwenye meza. Meneja aliambiwa natengeneza viti. Kazi yangu ilikuwa kuweka kiganja chini ya nobu kubwa, karibu na kioo lakini bila kukigusa, maana kioo hakijui kidole ni cha nani. Ikiteremka, inatua mkononi mwangu. Hivyo kwa miezi kumi na minne. Katika muda huo wote sikuwahi kutazama juu hata mara moja. Nilisikia watu wakisema "Aaah!" na sikujua wanachokisemea.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, siku ya Jumanne, lilikuja darasa la wanafunzi thelathini na wanane na mwalimu wao, mama wa makamo mwenye sauti nene. Nilibandika nobu saa nne kasoro dakika tano. Onyesho lilipaswa kuanza saa nne kamili. Mtoto mmoja aliomba kwenda msalani, na kama kawaida ya watoto, mmoja akisema anataka wote wanataka. Tulianza saa nne na dakika kumi na nane. Nilitaka kung'oa vikombe nivibandike upya, lakini taa zilikwisha kuzimwa na kioo kilikuwa kazini. Nikasema moyoni, mkono upo.

Saa nne na dakika arobaini na sita, kwa saa iliyo pembeni mwa kioo, shemeji aliniinamia akaninong'oneza: "Shemeji, juu ya mlango wa kutokea kuna nyota ndogo nyekundunyekundu. Juzi kijana wa mitambo alisema taa yake inafifia. Nitazamie kama bado inawaka."

Niliinua uso. Ilikuwa inawaka. Nikamjibu, "Ipo."

Swali lake lilihitaji neno moja na neno hilo nilikwisha kulitoa. Nilipaswa kurudisha macho kwenye nobu. Sikuyarudisha.

Afande ameniuliza niliona nini. Namjibu kadiri ninavyoweza. Dari haikuwepo. Palikuwa na kina, kama kisima lakini cha kwenda juu. Nyota zilikuwa nyingi kama unga uliopulizwa, na zote zilikuwa zikienda upande mmoja, polepole, kama pazia linalovuta pumzi. Viti sikuviona tena. Watoto walikuwa wakipumua pamoja, thelathini na wanane, kama mnyama mmoja mkubwa aliyelala. Kulia kwa mlango palikuwa na nyota saba zilizojipinda kama ndoano. Nilizijua. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa mlinzi wa ghala, na mimi na kaka tulilala uani juu ya marobota ya magunia. Kaka aliniambia zile ni misumari iliyobaki baada ya anga kupigiliwa, na ipo siku mwenyewe atairudia. Nilisikia harufu ya magunia. Nilihisi kaka amelala kushoto kwangu, na kwamba nikigeuka ataniambia nisogee, namjazia nafasi. Sikugeuka. Nilitaka asiondoke.

Mkono wangu ulishuka ukalala pajani. Sikuuhisi ukishuka. Nakadiria nilikaa hivyo nusu dakika.

Kisha anga likaanza kukimbia. Kwanza nilidhani ni kichwa changu. Jua lilichomoza nyuma ya viti, likapita juu yetu, likatua, likachomoza tena. Mwezi ulijaa ukaisha, ukajaa ukaisha. Mwanga na giza vikawa vinapigana makofi. Watoto walishangilia, halafu wakanyamaza, halafu mmoja akalia na wengine wakamfuata. Niliposhusha macho nikaona mkono wa shemeji ukipita juu ya kioo, pale nobu ilipopaswa kuwa, huku na huku, kama mtu anayetafuta miwani kitandani. Hapakuwa na kitu.

Alisema, "Shemeji, iko wapi?"

Hakupiga kelele. Aliuliza kama anayeuliza ufunguo.

Chini ya mahali pa nobu kubwa kuna mstari wa mwendo. Kidole kikiuteremka, anga linaongeza kasi. Nobu ilikuwa imeuteremka mstari wote ikakwama kwenye ukingo wa chuma wa meza, na shaba ikigusa chuma kioo hudhani nobu bado imeshikwa. Niliing'oa. Anga likasimama. Kwa hesabu ya meza yenyewe, ilikuwa imepita miaka mia nne na kumi na miwili. Kwa saa, sekunde ishirini na tano hivi.

Tuliwasha taa. Mwalimu alikuwa chini. Alisimama katikati ya mambo yale ili amfikie mtoto aliyelia kwanza, kizunguzungu kikamshika, akaikosa ngazi, akaanguka vidato vitatu. Alizimia dakika chache. Mfupa wa bega la kulia umevunjika.

Gari la wagonjwa lilifika saa tano na dakika tano, na askari nyuma yake. Shemeji aliwaambia, "Niligusa vibaya." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sikusema kitu. Nobu zote tatu zilikuwa mfukoni mwangu. Nilizitoa mezani kabla askari hawajaingia. Hilo halikuwa agizo la shemeji, ni langu.

Jana, Jumatano, saa kumi jioni, nilimsindikiza shemeji hospitali. Mwalimu alikuwa ameketi, mkono umefungwa. Alimuuliza shemeji, "Wewe mama, umetupitisha miaka mingapi?"

Shemeji akamwambia, "Mia nne na kumi na miwili."

"Ndiyo maana viungo vinaniuma," alisema mwalimu. "Basi na pensheni yangu imekwisha kuiva."

Alicheka, bega likamzuia. Shemeji hakucheka. Alitafuta ukingo wa kitanda kwa mkono, akaushika, akasema, "Mwalimu, nisamehe. Mimi sioni."

Sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka neno hilo zima. Kwangu mimi lilikuwa bomba, lilikuwa ukungu, lilikuwa mwanga mbaya. Meneja wa ukumbi alikuwa amefika mlangoni na mfuko wa machungwa. Alisikia. Shemeji hakujua kwamba yupo, na mimi sikuwahi kumdokeza.

Meneja akauliza, "Tangu lini?"

Shemeji alishtuka, lakini akamjibu kwa kugeukia sauti ilikotoka. "Kabla ya meza kuja. Meza ilinimalizia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa cheti na saa ya ukutani. Saa yenyewe ningeisomaje?"

Meneja aliweka machungwa chini, akakaa kwenye kitanda kisicho na mgonjwa. Mwalimu ndiye aliyesema. Alisema amefundisha miaka thelathini na mmoja na hajawahi kuona darasa lake likitulia kama lilivyotulia shemeji alipokuwa akisimulia, kabla ya mambo kuharibika. Akasema aliyewatuliza watoto ni ile sauti, na sauti haihitaji macho.

Leo asubuhi saa moja na robo meneja alituma ujumbe. Nilimsomea shemeji. Unasema hataigusa meza tena. Ukumbi ukifunguliwa, meza itaendeshwa na kijana wa mitambo, naye shemeji atakaa katikati ya ukumbi asimulie. Shemeji akasema nijibu amekubali, ila kiti kiwe na mgongo.

Sasa yuko nje, kwenye benchi la hapo mlangoni. Amekuja nami. Anadhani nimekuja kukabidhi nobu tu. Anajua vikombe viliachia. Hajui kwamba mimi niliachia kabla ya vikombe. Nilitaka kumwambia njiani, mara mbili. Mara ya kwanza lilipita lori. Mara ya pili hapakupita kitu.

Kwa hiyo nasema hapa. Shemeji hakugusa vibaya. Aligusa pale alipoachiwa na mtu aliyemwamini. Kama kuna uzembe, ni wa mkono huu wa kulia, na mwenye mkono ni mimi.

Niliyoyatenda na niliyoyaona yanaishia hapo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa yangu, na hakuna aliyenishika shati niyaseme.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi) Gundi

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimepokea kutoka kwa shahidi nobu tatu za mbao, moja ikiwa imevikwa ngozi. Zimetiwa alama na kuhifadhiwa. Shahidi hakushikiliwa.

Kabla ya kuondoka, shahidi aliniomba nimsomee shemeji yake maelezo haya, akisema yeye mwenyewe hatayaweza. Nilimweleza si utaratibu. Saa tano kasoro dakika kumi nilitoka nikamsomea mama huyo kwenye benchi, shahidi akiwa amesimama kando. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kuhusu nobu hakusema lolote. Aliniomba nirudie pale shahidi alipotazama juu. Nilirudia. Aliniomba tena, nikarudia.

Kisha alisema shahidi amekosea, zile nyota saba ziko kushoto kwa mlango. Akamwambia asogee, akae.

Sikuyarekebisha maelezo.