Spika za Msikizi Haziuzwi kwa Picha

Baba,

Tangu tukuzike umeuza zile spika zako kwa watu wengi kuliko uliowahi kuwauzia kitu chochote ukiwa hai. Umeuzia mtu wa Naivasha. Umeuzia kijana wa Gilgil aliyetaka kuanza kazi ya udijei. Na juzi umeuzia kanisa zima huko Molo, wakatuma pesa, wasione hata waya. Wewe umelala, na mimi ndiye naulizwa.

Nimekasirika, na leo usiniambie nipunguze sauti.

Ilianza Jumamosi. Mama alinipigia nikiwa kwangu Kiamunyi, nimeloweka nguo, akasema, "Nafula, kuja nyumbani. Kuna wageni, na si wageni." Unajua Mama hapigi simu ovyo. Niliacha nguo kwa beseni nikaenda Free Area na mikono bado inanuka sabuni.

Nikakuta watu wawili wamekaa kwa kile kiti kirefu. Mmoja ni Mzee Njoroge, mzee wa kanisa, kofia ameiweka kwa goti. Mwingine ni Mama Chebet, mweka hazina wao, bado amevaa koti zito la Molo na jua la huku lilivyo. Chai iko mbele yao na hakuna aliyegusa. Mtu akikataa chai kwa nyumba ya Mama, ujue hiyo ni kesi.

Mama Chebet akanipa simu yake bila salamu, imefunguliwa kwa tangazo la soko la mtandaoni. Nikaona spika zako mbili nyeusi, na yale maandishi uliyoandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, MSIKIZI SOUNDS, FREE AREA, ile S ya mwisho ikiwa kubwa kuliko wenzake kwa sababu ulikuwa unamaliza rangi. Nambari yako imefunikwa, juu yake imewekwa nambari nyingine. Na juu ya spika kuna kitambaa cha Mama, kile cha kijani alichofuma mwenyewe, chenye kona moja nyekundu kwa sababu uzi wa kijani ulimwishia. Nikainua macho. Spika zenyewe zilikuwa pale nyuma ya mlango na kitambaa chenyewe kiko juu. Mama Chebet naye alikuwa anaangalia hapo hapo.

"Mimi ndiye niliambia kanisa tutume," akasema. "Niliona kitambaa. Nikawaambia nyumba iko na kitambaa kama hiki iko na mama, na mama wa kufuma hawezi kukula pesa ya kanisa."

Sijui kama nililia au nilicheka. Watu wamechanga viazi, Baba. Kila boma limetoa gunia, wakauza, wapate spika kabla ya siku ya kufungua kanisa lao jipya. Yule mkora aliwaambia kwa simu, "Boss, tumeni kitu kidogo niwawekee, kuna watu wa Eldoret wako njiani." Walipotuma akazima simu. Wakasoma jina kwa spika, wakaja Free Area kuuliza Msikizi anakaa wapi. Pale kwa kibanda cha mboga wakaambiwa Msikizi alikufa mwaka juzi, lakini mjane wake yuko. Sasa wao wakaona ni wazi, kuna watu hapa wanatumia jina la marehemu kuibia Wakristo.

 Mama alisimama, akatoa kile kitambaa juu ya spika, akakikunja, akarudi kukaa nacho kwa mapaja kama mtu aliyeambiwa afiche uchi. Hapo ndipo damu ilinipanda. Mwizi angeiba spika zenyewe ningemwelewa, mwizi ni mwizi. Lakini huyu alikuja akaiba heshima ya sebule ya mama yangu, na hakuhitaji hata kuvunja mlango.

Walipoenda nje kuongea wao wawili, nilibaki nikizivuta zile picha zikue kubwa. Na hapo nikakuona. Mwizi hakukuona, lakini mimi nilikuona. Uko kwa kioo cha kabati la vyombo, umeinua simu kwa mikono miwili, umevaa ile sweta ya kahawia uliyokuwa unavaa hata jua likiwaka, wakati ule ulikuwa unatuambia ni presha kidogo tu. Mabega yamebaki mifupa. Kwa picha ya pili unaonekana umeegemea meza. Mtu anawauzia watu wa Naivasha spika na babangu mgonjwa amesimama ndani ya picha.

Kwa hivyo nakugeukia wewe pia, samahani. Ni wewe uliziweka huko. Nilitafuta mpaka nikapata tangazo lako la kwanza, bado liko, hakuna anayejua neno la siri la kulifuta. Nakumbuka Mama alivyogundua: mtu wa Lanet alikupigia akitaka kuja kuziona, ukiwa bafuni, Mama akashika simu. Alikwambia spika zikitoka kwa hiyo nyumba naye anatoka. Ulicheka ukasema utalifuta. Baba, ulikuwa na ulimi mtamu na hukulifuta.

Umeandika, "Spika mbili. Zimetunzwa, hazijawahi kunyeshewa. Mwenyewe hazihitaji tena. Njoo usikize kwanza, ndio ulipe."

Mwenyewe hazihitaji tena. Uliweza kuambia soko zima, watu usiowajua, na sisi ukatuambia ni presha. Hiyo nitakuuliza siku tutakayoonana, na utakuwa na la kusema.

Lakini angalia alichofanya yule mtu. Alinakili maneno yako yote, hata hayo ya mwenyewe kutozihitaji, kwa sababu yanamfaa. Moja tu ndilo aliloliondoa. "Njoo usikize kwanza, ndio ulipe" haipo. Alijua akiiacha hapati hata shilingi ya mtu. Katika maneno yote uliyoyaandika maishani hilo ndilo lilikuwa lako kabisa, na hilo ndilo alilotupa.

Niliripoti kwa wenye hilo soko la mtandaoni. Kuna mahali pa kubonyeza, nikabonyeza, nikaeleza kila kitu vizuri kama mtu anaandikia chifu. Nikajibiwa kwamba wameangalia na hawajaona kosa. Basi nikaweka tangazo langu, picha zile zile, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba spika hizi haziuzwi, mwenyewe ni marehemu, mnaibiwa. Halikumaliza siku. Liliondolewa, ati nimetumia picha za mtu mwingine. Za mtu mwingine! Na sebule ni yetu, kabati ni letu, na maiti kwa kioo ni wetu. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu naona amepewa kalenda yake.

Ukiwa hai hakuna mtu angekuuzia mbuzi kwa gunia. Nakumbuka ile siku tulienda kununua amplifaya kwa yule jamaa hapa Kiamunyi, kabla hata sijaolewa huku. Alikuwa ameifungulia muziki mpaka madirisha yanatetemeka, anapiga kelele, "Mzee, sikia besi!" Wewe ukaenda polepole ukapunguza sauti mpaka ikawa kama mtu ananong'ona. Spika moja ikaanza kukwaruza. Ukainama nyuma ya amplifaya ukainusa, ukasimama, ukamwambia hii imeshaungua ndani na wewe unajua. Tulipokuwa njiani ukaniambia debe tupu haliachi kuvuma, na mwenye kufungulia sana ana kitu anaficha. Nilikuwa na njaa na sikujali. Leo najali.

Na ile kazi yako ya kuweka maiki na spika kwa matanga. Nilidhani kila mtu hujaribu mitambo hivyo mpaka nikakua nikaona wengine wanasema "moja, mbili" na kuanza. Wewe ulinisimamisha na maiki, mtoto mdogo, ukaenda mpaka mwisho wa matanga, pale kwa wale waliokosa viti. Kazi yangu ilikuwa kutaja chakula: sukuma, samaki, chapati, pilipili. Ulisema S na CH ndizo hupotea kwanza. Neno likifika safi unainua mkono. Likifika limechafuka unatikisa kichwa, unanitembeza huku na huku na spika mpaka litakate. Watu wa mbele wakilalamika tunachelewesha, ulikuwa unawajibu yule wa mwisho pia amefiwa.

Ndio maana waliacha kukuita jina lako wakakuita Msikizi. Na jina hilo sasa huko Molo lilikuwa la mwizi.

Wale wawili waliporudi ndani nilikuwa tayari kuwafukuza. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga, nilitaka kuwaambia kwamba watu wazima hawatumi pesa ya kanisa kwa sababu ya kitambaa. Nilikuwa nimefungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Hizi spika haziuzwi," akawaambia. "Lakini siku ya kufungua kanisa zitakuja. Na huyu atakuja nazo."

Nikamwambia kwa Kibukusu, wasielewe, kwamba hatudaiwi na hawa watu hata senti. Akanijibu kwa Kiswahili, waelewe.

"Pesa hatudaiwi. Jina tunadaiwa."

 Mzee Njoroge akavuta kikombe chake akanywa ile chai, imepoa hivyo hivyo, mpaka ikaisha.

Tulisafiri na lori lililokuwa limeleta viazi sokoni, linarudi tupu. Nilizifunika spika kwa blanketi zetu mbili, moja ni ile yako. Molo ni baridi, Baba, vidole vilikataa kushika waya. Watu walikuwa wengi kuliko kanisa, kwa hivyo nilizipanga nje, nikainusa amplifaya kama ulivyokuwa unainusa, haikunuka kitu. Mama alikuwa amepewa kiti mbele na wageni wa heshima. Alishaweka kitambaa chake juu ya spika ya kulia, kona nyekundu ikiangalia watu. Hakuna aliyemwambia kitu.

Wengine walikuwa wameshazisoma zile spika na walikuwa wananong'ona. Nilisikia msichana mmoja akiambia mwenzake, "Si ndio hao?" Nilitaka kuzima kila kitu nirudi nyumbani.

Nikashika maiki. Nikasema sukuma. Nikasema samaki. Nikaangalia kule mwisho, kwa ua, ambapo shamba la viazi linaanza, na hakukuwa na mtu wa kuinua mkono. Kwani nilitarajia nini? Nani huko Molo anajua mambo yetu? Nikasema chapati, na pilipili ikakataa kutoka. Watu wakadhani maiki imeharibika. Nikaangalia mbele nimtafute Mama anisaidie hata kwa macho, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa kule kwa ua. Yule Mama ambaye miaka yote alisema kazi yako ni kelele na haimhusu, alikuwa amepita katikati ya watu na leso yake, amesimama karibu na nyanya mmoja aliyekaa juu ya gunia kwa sababu viti havikutosha. Ananiangalia. Nikasema tena, samaki.

Akatikisa kichwa.

Basi nikaigeuza spika ya kushoto kidogo. Samaki. Akatikisa tena, na mkono akaniashiria niiinue. Nikaomba vijana matofali mawili tukaipandisha. Samaki. Mama akainua mkono juu, wote, mpaka leso ikaanguka begani. Kisha yule nyanya wa gunia naye akainua wake, sijui kama alielewa ni ya nini. Nililia hapo mbele ya watu na sikuona haya.

Mzee Njoroge ndiye alishika maiki wa kwanza. Kabla ya maombi, kabla ya kukaribisha wageni, alisema, "Tuliambiwa Msikizi ni mwizi. Sisi ndio tuliambiana. Msikizi ni hizi mnazosikia, na yule ni mama wa nyumba yake, amesimama nyuma na nyinyi. Aliyetuibia hatumjui." Walimsikia mpaka barabarani. Mama Chebet alienda akamletea Mama kiti mpaka kule kwa ua, na akakaa chini kando yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Nisikudanganye, pesa yao haijarudi na yule mkora bado yuko. Wiki hii spika zako zinauzwa Njoro, bei imeshuka. Binamu zangu wanasema nizoee, ati mtandao ndivyo ulivyo. Sitazoea. Mtu akikojolea kaburi la babako huzoei.

Lala, Baba. Kukasirika niachie mimi, nina nguvu nayo. Nakuahidi hivi: spika hazitoki kwa Mama, na popote zitakapopiga, hakuna kitakachoanza mpaka yule wa mwisho ainue mkono. Na kila nikiona picha yako kwa tangazo la yule mtu, naandika chini yake yale maneno aliyoyaondoa. Njoo usikize kwanza, ndio ulipe. Akifuta naandika.

Amefuta asubuhi hii. Nimeandika tena.

Nafula wako